Simbilisi Hana Maringo

"Atakula akiona njaa."

Sentensi hiyo ilisemwa uani kwetu Nachingwea, jioni moja ya Agosti, na watu wenye nia njema kabisa. Dada aliisema huku akipeta mchele. Mama akaidakia. Jirani aliyekuja kuomba kaa la moto akaikazia, akaeleza kwamba hata wanawe wakiringia mboga huwaacha hivyo hivyo, na asubuhi kiporo kinaliwa bila mtu kubembelezwa. Mimi, niliyesoma kuliko wote waliokuwa pale na niliyekuwa na bando la wiki nzima kwenye simu, niliitikia kwa kichwa. Asubuhi ya tatu simbilisi wa mpwa wangu alikuwa amelala ubavu kwenye kona ya banda, amekakamaa, na bakuli la pumba mbele yake limejaa kama tulivyoliacha.

Naandika kuipinga sentensi hiyo. Naipinga kwa ajili ya simbilisi kwanza, kwa sababu ndiye aliyekufa nayo. Msomaji akiona inawagusa na wengine, shauri yake.

Kwa asiyemfahamu, simbilisi ni mnyama mdogo wa jamii ya panya, hana mkia, ana miguu mifupi, na hupiga mluzi akisikia mlango wa jikoni unafunguliwa. Waingereza wanamwita nguruwe wa Guinea, ingawa si nguruwe na hakutoka Guinea. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako watu walimfuga kwa nyama maelfu ya miaka kabla meli za Ulaya hazijafika. Kwetu Tanzania utamkuta zaidi Nyanda za Juu Kusini, Iringa na Njombe, akikimbia jikoni penye joto, na huko hakuna anayemshangaa. Nachingwea ni mgeni. Majirani walimwita panya wa Kizungu, wengine sungura asiyekua, wengine pimbi. Pimbi ni mnyama mwingine kabisa, wa kwenye majabali, lakini sikubishana. Nilichoka kujibu swali moja tu: mnamla lini?

Shemeji yangu ndiye aliyemleta. Kazi zake humfikisha Makambako, na kutoka huko alisafiri naye kwa basi ndani ya katoni ya biskuti, Songea, Tunduru, Masasi, mpaka nyumbani, zawadi ya binti yake aliyetimiza miaka tisa. Mpwa wangu akampa jina la Namungo, kwa heshima ya timu ya Ruangwa. Timu hiyo mashabiki wake huiita Wauaji wa Kusini. Muuaji huyu wa kwetu hakufika kilo moja.

Alifika Mei, nyasi zingali mbichi. Mpwa wangu alimkatia ukoka kando ya uwanja wa shule kila jioni, akala, akanenepa. Katikati ya Julai ukoka ulikuwa umegeuka rangi ya kamba, na nyika ya kuelekea Ruangwa ilishaanza kuchomwa moto. Hapo tukafanya kile ambacho kila mtu wa kwetu angefanya, tukaenda mashineni kuchukua pumba za mahindi. Bei yake ndogo, na kiroba kimoja kinakaa miezi. Juu yake tuliweka ukoko wa ugali, na siku ambayo mchicha ulibaki kwenye sufuria, alipewa mchicha. Alikula pumba kwa pupa. Mpwa wangu aliandika kwenye daftari la Sayansi: Namungo anapenda pumba.

Wiki ya tatu akaanza kuziacha. Alisogelea bakuli, akanusa, akachukua kidogo, akakiangusha. Kidevu kikawa kinalowa mate. Ukimshika alilia, wakati zamani alitulia mikononi kama mtoto aliyeshiba. Mguu mmoja wa nyuma aliuburuta. Yote hayo tuliyaona, hatukuwa vipofu. Tuliyaona, tukayapa jina moja: maringo. Ametoka Makambako kwenye baridi, ameona Nachingwea haimfai. Amezoea vya bure. Mchagua nazi hupata koroma. Tukampa nafasi ya kuiona njaa.

Sasa nianze na hiyo njaa yenyewe. Anayesema "atakula akiona njaa" anafikiri juu ya mbwa, au juu ya nafsi yake. Mbwa anaweza kulala bila kula siku mbili akaamka akabweka. Simbilisi hawezi. Utumbo wake umeumbwa kufanya kazi mfululizo, usiku na mchana, na kinachousukuma ni majani yanayoingia kidogo kidogo bila kukoma. Majani yakiacha kuingia, mwendo unasimama. Gesi inajaa, bakteria wasiotakiwa wanazaana, tumbo linauma, na mnyama mwenye tumbo linalouma hataki kula, kwa hiyo mwendo unazidi kusimama. Saa ishirini na nne bila kula kwa simbilisi ni dharura ya kumkimbiza kwa mganga wa mifugo. Sisi tulimpa siku tatu kama adhabu. Njaa tuliyomsubirisha ilikuwa imeshageuka ugonjwa, na ugonjwa hauna adabu ya kumfundisha mtu kula.

Halafu meno. Meno yake yote, ya mbele na magego, yanaendelea kukua maisha yake yote. Kinachoyapunguza ni kusaga nyasi ndefu, ngumu, saa nyingi kwa siku. Pumba ni laini, zinamezwa kabla hazijasagwa. Magego yasiposagishwa hurefuka, hutoa ncha kali zinazokata ulimi na mashavu, na mengine huinama mpaka ulimi unakosa nafasi. Mnyama wa namna hiyo atakisogelea chakula kwa sababu anakitaka, atakichukua, na atakiangusha kwa sababu kinamchoma. Mate yatamtoka. Ukimtazama kwa mbali utasema anachagua. Nasema haya kwa uchungu kwa sababu nilikaa kwenye kigoda hatua mbili kutoka kwake, nikamtazama akiangusha pumba moja baada ya nyingine, nikacheka.

Ila mguu aliouburuta haukuwa wa meno. Huo ni wa kiseyeye, na kiseyeye cha simbilisi kina historia ambayo ingetosha kututia aibu sote.

Mwanzoni mwa karne iliyopita mabaharia wa meli za Norway walikuwa wakiugua ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa jamii ya beriberi. Madaktari wawili wa Kristiania, mji unaoitwa Oslo siku hizi, Axel Holst na Theodor Frølich, walitaka kuuchunguza kwa kumlisha mnyama chakula kilichofanana na cha melini. Wakachagua simbilisi. Wakawalisha nafaka na mkate, basi. Wanyama hawakupata beriberi. Walipata fizi zinazovuja damu, meno yaliyolegea, mifupa dhaifu, maumivu ya viungo, yaani kiseyeye kilekile kilichoua mabaharia kwa karne nyingi. Walipoongezewa kabichi mbichi na limau, mambo yakawa mengine. Mwaka 1907 wakayachapisha. Kabla ya hapo iliaminika kwamba kiseyeye ni ugonjwa wa binadamu peke yake.

Tazama walivyobahatika. Wangechagua panya wa kawaida wasingeona kitu. Panya, mbwa, paka, mbuzi, ng'ombe, kuku, wote hutengeneza vitamini C ndani ya miili yao wenyewe. Simbilisi hatengenezi. Binadamu hatengenezi. Nyani wakubwa na popo fulani nao wamo kwenye kundi hili la wasiojiweza, lakini katika wanyama wanaoingia kwenye banda la mtoto wa shule, simbilisi peke yake ndiye mwenye upungufu uleule tulio nao sisi. Ni kwa miili ya simbilisi ndipo Albert Szent-Györgyi, Mhungari aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1937, na wenzake walipohakikisha kwamba dutu aliyoitenga ndiyo vitamini C yenyewe. Na alipohitaji kuipata kwa wingi aliitoa kwenye pilipili za jamii ya hoho zilizojaa mjini kwao Szeged.

Kwa hiyo tulichokifanya Nachingwea kati ya Julai na Agosti ni jaribio la Kristiania upya, zaidi ya miaka mia moja baada ya majibu yake kutoka. Nafaka, basi. Mchicha wa kubaki kwenye sufuria haukutuokoa, maana vitamini C huharibika kwa moto na huyeyukia kwenye maji ya kuchemshia, na maji yale tuliyamwaga. Mnyama anaweza kuanza kuonyesha dalili ndani ya wiki mbili tatu tu. Na dalili mojawapo ya kiseyeye, msomaji, ni kukosa hamu ya kula.

Hapo ndipo ninaposhindwa kuisamehe ile sentensi. Aligoma kula kwa sababu anaumwa, na aliumwa kwa sababu ya tulichomlisha, na alipogoma tulimwongezea kilekile. Hata kwa mwenyekiti wa kijiji kesi ya namna hii isingechukua nusu saa.

Wapo watakaonijibu kwamba simbilisi wachaguzi wapo kweli, wamewaona. Nakubali. Simbilisi hujifunza chakula akiwa mchanga, wiki za mwanzo, kwa kumtazama mama yake na wenzake wanavyokula. Alichokiona utotoni ndicho anachokijua kuwa chakula, na kitu kigeni anaweza kukipita siku nzima akiwa na njaa, hata kama ni kizuri kuliko vyote. Ukimbadilishia chakula ghafla anaweza kugoma kabisa, na wakati mwingine kubadilisha umbo la chakula tu, au bakuli, kunatosha. Lakini hiyo ni tahadhari. Mnyama mdogo asiyeweza kutapika ana sababu nzuri ya kuogopa jani asilolijua. Dawa yake inajulikana: unamwekea kidogo cha kipya pembeni ya kile cha zamani, leo, kesho, wiki mbili, bila kukiondoa cha zamani, na ikiwezekana unamweka karibu na mwenzake anayekila. Namungo alikuwa peke yake. Mwalimu wake alibaki Makambako.

Nimewashambulia wazee, sasa niwageukie rika langu.

Nina rafiki Ruangwa, mhitimu kama mimi, aliyenunua simbilisi wawili Dar es Salaam akawapeleka nyumbani. Yeye hakusema "atakula akiona njaa". Yeye aliingia intaneti. Akanitumia WhatsApp orodha aliyoitafsiri mwenyewe kwa bidii: nyasi kavu za timothy, letusi ya aina fulani yenye majani marefu, vidonge vya chakula vilivyoongezwa vitamini C, giligilani mbichi, matunda yanayoota kwenye theluji. Timothy ni nyasi ya nchi za baridi, iliyopewa jina la mkulima mmoja wa Marekani wa karne ya 18 aliyeisambaza. Rafiki yangu aliitafuta Lindi, akaitafuta Mtwara, akauliza Dar. Mwishowe akapata mfuko wa chakula cha sungura uliokaa dukani, akauona bei yake, akakata tamaa. "Huyu mnyama ni wa matajiri," akaniandikia. Unajua alichowapa baada ya hapo? Pumba.

Orodha ile na pumba ni ndugu wa tumbo moja. Anayeamini kwamba chakula sahihi kinapatikana Ulaya tu ndiye wa kwanza kuangukia chakula kibovu kuliko vyote, kwa sababu katikati haoni kitu. Haoni ukoka. Haoni mchunga unaoota wenyewe kwenye tuta. Haoni matembele aliyoyaruka kwenda dukani. Chakula cha dukani chenyewe, hata kingekuwa cha simbilisi, kikikaa miezi mitatu vitamini yake imepungua sana, na cha sungura hakiongezwi vitamini C kwa sababu sungura hujitengenezea. Yale matone ya vitamini ya kutia kwenye maji nayo hupoteza nguvu upesi kwenye mwanga na joto. Nachingwea mwanga na joto tunavyo vya kutosha.

Na sisi wa Nachingwea tulipaswa kuwa watu wa mwisho duniani kudanganywa na orodha iliyoandikwa mbali. Mji huu ulifyekwa kwa ajili ya lishe ya watu wengine. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, watu wanapewa kwa mgawo, na serikali yake ikaamua karanga za Tanganyika ndizo zitakazojaza vikaango. Ujumbe wa John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki na Kati kwa wiki tisa mwaka 1946, kisha ukaandika kwamba mamilioni ya ekari yanawezekana. Mwaka 1947 matrekta yakaanza Kongwa, Urambo na Nachingwea zikafuata. Ikajengwa bandari Mtwara, ikatandazwa reli mpaka huku. Mwaka 1951 mpango ukawa umeachwa, pauni milioni 36 zimefutwa vitabuni, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Wazee wa hapa walikuwa wakilima karanga muda wote huo, kwa jembe, kwenye vipande walivyovijua wao. Hakuna aliyewauliza udongo unataka nini na mvua inakuja lini. (Karanga zenyewe, kwa taarifa yako, usimpe simbilisi. Mafuta yamezidi.)

Basi tuulize udongo. Mvua zetu ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, na baada yake ni ukame mrefu. Chakula kikuu cha simbilisi ni nyasi, ashibe nyasi usiku na mchana, robo tatu na zaidi ya anachokula iwe hicho. Miezi ya mvua hilo halina shida. Shida ni Julai hadi Novemba, na suluhisho lake linafanywa Aprili na Mei, wakati hakuna anayefikiria Julai: kata nyasi zikiwa bado kijani na hazijatoa mbegu, zianike kivulini kwenye hewa, zigeuze, zikikauka zifunge mafungu uzitundike darini mbali na panya. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaita hei. Gharama yake ni panga na jasho. Ukikata sehemu zinakopulizwa dawa za mikorosho au zinakopita mbwa wengi, umejitakia mwenyewe. Nyasi za Agosti zilizosimama zenyewe porini si kitu kimoja na hizi, zile zimekwisha. Mnyama atazitafuna na meno yatapona, ila mwilini hakitaingia kikubwa.

Halafu vitamini C, kila siku, maana mwili wake hauwezi kuiweka akiba ya maana. Anahitaji kama miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito. Gramu mia moja za pera zina zaidi ya miligramu mia mbili. Piga hesabu: kipande cha gramu kumi, sehemu ya kumi ya pera la wastani, kinamtosha kutwa. Mapera yakiisha, hoho mbichi, ukanda wa upana wa vidole viwili. Hoho moja sokoni kwetu naipata kwa shilingi mia mbili au mia tatu, na inakula wiki. Majani mabichi ya matembele na mchunga yanasaidia. Mchicha kwa uchache, sio kila siku, kwa sababu ya vijiwe vya kibofu. Kisamvu kibichi usithubutu, kina sumu ileile inayotufanya tukitwange na kukichemsha. Parachichi hapana. Vitunguu hapana. Majani ya nyanya na ya viazi mviringo hapana.

Sasa mabibo. Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo hasira yangu ilipo kubwa.

Kuanzia Septemba au Oktoba chini ya kila mkorosho wa Nachingwea na Ruangwa ardhi inakuwa nyekundu na njano. Korosho inanyofolewa, inaanikwa, inapimwa, inaingia ghalani, na chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kinaipigia mnada ambao wilaya nzima inausikiliza kama mechi. Bibo linabaki chini. Wachache hulikamua wakapata uraka, watoto hulifyonza wakipita, mengine yote yanaoza mpaka nzi wanachoka. Bibo hilo lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Tunalikanyaga kwenda kununua chungwa la Tanga. Na linakuja wakati uleule ambao ukame umebana na majani mabichi hayapo.

Namungo alikufa Agosti. Mwezi mmoja na kidogo zaidi, na angeikuta dawa yake inaoza mita thelathini kutoka banda lake. Sisemi bibo ndilo jibu la kila kitu. Lina sukari nyingi na lina ukakasi, kwa hiyo kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinatosha, na korosho yenyewe na ganda lake liwe mbali kabisa, kwa sababu mafuta yake huunguza ngozi, kila aliyebangua korosho kwa mkono anajua. Nasema tu kwamba tulikuwa nalo.

Najua kuna anayesoma akiguna: watu hawana mboga, wewe unakatia panya hoho. Swali hili niliulizwa na mama mwenyewe, na sikulijibu kwa jeuri. Kwa fedha, nilimwonyesha daftari: kiroba cha pumba kilikuwa ghali kuliko nyasi za bure na hoho moja kwa wiki. Kwa nyama, sina ugomvi na anayemla. Andes wanamla, Njombe wapo wanaomla, na kwetu kusini panya wa shambani ni kitoweo kinachopigiwa foleni, mimi mwenyewe nimekula. Ila hata wa kuliwa hafai kulishwa pumba tupu. Atakufa kabla hajafika jikoni.

Lakini swali la mama lilikuwa na lingine chini yake, na nilihisi ndilo lililomsumbua. Wiki ile aliyokufa Namungo, mpwa wangu aliacha kula dagaa. Akawa anaepua ugali anakula mtupu. Mezani akaambiwa anachagua, akaambiwa atakula akiona njaa, sentensi neno kwa neno, na mdomo uleule. Akamtazama mama yake. Hakulia, hakubishana. Alisogeza sahani akaenda kukaa karibu na banda tupu. Dada alisimama na mwiko mkononi muda mrefu. Baadaye, usiku, tulipomuuliza taratibu, alisema jino la nyuma linamuuma na miba ya dagaa inaingia humo.

Nilipitia miaka minne ya shule ya bweni ambako aliyeacha maharage aliitwa mtoto wa mama. Maharage yalikuwa na wadudu. Tulikuwa tunaitana hivyo sisi kwa sisi, walimu hawakuwa na haja ya kutusaidia.

Tulipata simbilisi wengine wawili mwaka uliofuata, majike ndugu, katoni ileile ya biskuti. Safari hii nilianza kwa afisa mifugo. Aliniambia waziwazi kwamba hajawahi kumshika simbilisi, amesomea ng'ombe, mbuzi na kuku, nami nilimheshimu zaidi kwa hilo kuliko ningeheshimu ushauri wa kubahatisha. Akanipa wazo moja zuri: wapime. Simbilisi huficha ugonjwa, uzito hauwezi kuficha. Kwa hiyo kila Jumamosi mpwa wangu anawabeba kwenye kikapu mpaka dukani, anawaweka mmoja mmoja kwenye mizani ya sukari, juu ya gazeti, na anaandika. Mwenye duka siku ya kwanza alisoma, "Gramu mia nane na arobaini. Nikufungie?" Siku hizi ndiye anayetukumbusha tukichelewa. Uzito ukishuka gramu hamsini hatusubiri njaa ya mtu. Tunafungua mdomo tuangalie meno, tunashika miguu, tunatazama choo chake kama kimepungua, tunajiuliza jana tulibadilisha nini.

Mei tulikata nyasi, mafungu kumi na manne, darini. Mama alisema nyumba inanuka kama zizi. Juni akawa anazipunguza mwenyewe kuwapelekea, akidhani hatumwoni.

Oktoba bibo la kwanza lilianguka nyuma ya jiko. Mpwa wangu alinyofoa korosho akaitupia kwenye kopo lake la akiba, akakata vipande viwili vidogo kwa kisu cha vitunguu alichokiosha kwanza bila kuambiwa, akaviweka kila mbele ya mmoja. Wa kahawia alinusa, akala, akapiga mluzi. Wa madoa alinusa, akarudi nyuma, akaendelea na nyasi zake.

"Huyu hajataka, mjomba," akasema.

"Tufanyeje?"

Akafikiri. Akakiacha kile kipande pale pale, karibu na mwenzake anayekula, akaenda jikoni kuleta hoho.